Maswali ya wapenzi wa shoo: Kama hakuna anayepiga, msiite laivu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: nani mkali wa jukwaani. Nimechukua yale yanayojibika.

Kati ya Diamond na Alikiba, nani anajua kupiga shoo? Tumebishana hapa Kaloleni mpaka usiku. (Wasomaji kadhaa, Arusha)

Swali hili linakuja kila mara na halijibiki. Tajeni ni shoo ipi, ukumbi upi, na kama jukwaani kulikuwa na bendi au flashi, yaani wimbo uliorekodiwa tayari. Bila hayo mnabishania nyimbo mnazozipenda redioni.

Nitajuaje kama msanii anaimba kweli au amewekewa wimbo tu? Nimelipa kiingilio, nataka haki yangu. (Msomaji, Sakina)

Haki yako unayo, na unaweza kuipima mwenyewe kwa macho na masikio.

Anza na maiki. Ikitoka sentimita 5 mdomoni ikafika sentimita 30, sauti lazima ipungue sana. Ukiona mkono umeshuka kiunoni na ubeti unaendelea kwa nguvu ileile, unayemsikia yumo ndani ya flashi. Halafu sikiliza pumzi. Mtu aliyeruka na kuzunguka jukwaa zima huhema. Mwisho wa mistari hukatika na noti ndefu huyumba. Sauti nyororo kutoka kwenye kifua kinachopanda na kushuka ni ya kutilia shaka. Hesabu na sauti zenyewe: kiitikio kina sauti tatu zilizopangana na mbele yako amesimama mtu mmoja, hizo mbili zimetoka wapi? Mwisho angalia wimbo unavyoisha. Kule studio baadhi ya nyimbo huisha kwa kufifia, lakini bendi humalizia kwa pigo la pamoja. Wimbo ukififia jukwaani kama redioni, umeshapata jibu.

Gitaa lisilo na waya lisikudanganye haraka. Tafuta kikasha kidogo kwenye mkanda wa mpigaji, kiunoni mwake, au kilichochomekwa kwenye gitaa lenyewe. Kipo, basi gitaa linatuma sauti kwa mawimbi. Hakuna waya wala kikasha, hilo ni pambo.

Ila msimhukumu mtu mkiwa mbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukikaa mita 70 kutoka jukwaani, fimbo ya drama (ngoma za bendi) utaiona ikigonga kwanza, mlio utakufikia baada ya moja ya tano ya sekunde. Kila baada ya shoo ya uwanjani watu husambaza video za namna hiyo wakidai bendi imeigiza. Bendi haijaigiza, mlikaa mbali.

Na tutofautishe mambo mawili. Rapa anayechana juu ya biti tupu anafanya kazi halali. Hip hop imelelewa hivyo. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni kuchezesha wimbo mzima wenye sauti yake, naye akadakia neno la mwisho la kila mstari na kuwaelekezea maiki watazamaji. Huo ni wizi wa kiingilio. Tamasha la Sauti za Busara pale Zanzibar limeanza 2004 na msimamo wake ni muziki wa kupigwa laivu, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Afrika Mashariki haiwezekani. Waandaaji wa Arusha na Moshi waandike kwenye bango: bendi, biti, au flashi. Mtu ajue analipia nini kabla ya kutoa hela.

Ni kweli Simba Wanyika ni bendi ya Arusha? Baba yangu anasema ndiyo, mimi najua ni ya Kenya. (Msomaji, Njiro)

Baba yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, ambako walikuwa Jamhuri Jazz, wakaja Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi, na huko ndiko jina la Simba Wanyika lilikokua. Mji huu uliwapa jina la kuanzia, Nairobi ikawapa studio na soko. Na kwa kuwa najua swali litakalofuata: "Sina Makosa" si wimbo wa Simba Wanyika. Ni wa Les Wanyika, kundi la waliojitenga mwaka 1978. Acheni kuyachanganya.

Wachanaji wetu wa hapa Chuga (Arusha) ni wakali, ila wakipanda jukwaani husikii neno hata moja. Tatizo ni spika? (Chalii wa Ngarenaro)

Mara nyingi si spika. Tatizo ni kiganja.

Maiki nyingi za jukwaani zimetengenezwa zisikie kilicho mbele na kukataa kilicho nyuma. Uwezo huo wa kukataa nyuma unatokana na upenyo ulio chini ya wavu wa kichwa chake. Rapa anapokikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa kuwa kwenye video inapendeza, anaziba upenyo huo. Papo hapo maiki inaanza kusikia pande zote, pamoja na monita, ile spika ya kujisikia iliyo miguuni pake. Maneno yanakuwa mazito kama mtu anaongea ndani ya pipa, kisha unakuja ule mlio mkali unaochoma masikio. Fundi mitambo hana njia nyingine ila kuishusha sauti. Rapa anaona hajisikii, anakumbatia zaidi na kupiga kelele, na fundi anashusha tena. Baada ya shoo anayelaumiwa ni fundi.

Dawa yake ni hii. Shika mpini, vidole viwe chini kabisa ya wavu. Mdomo uwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye maiki, na ukitaka kupaza sauti isogeze nyuma kidogo. Usipochana usiishushe ikaelekea kwenye monita.

Jambo la pili ni wingi wa watu. Kundi la machalii wanane linapanda na maiki nane zote wazi, saba kati yake zinaokota biti na kelele tu. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, mnapoteza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) za nafasi kabla ya mlio kuanza. Kutoka moja hadi nane ni desibeli 9, na hizo ni nyingi mno. Tumieni tatu, mpokezane. Msaidizi adake maneno ya mwisho wa mstari tu. Wawili wakichana mstari mzima kwa pamoja bila kulingana sawasawa, konsonanti zinafutana na maneno yanapotea.

Mji huu umewatoa X Plastaz, waliofika majukwaa ya Ulaya na mwimbaji wa Kimaasai kati yao, ukawatoa Nako 2 Nako, Watengwa na Joh Makini. Mashairi ya Arusha ndiyo mali yenyewe. Kuyaziba kwa kiganja ni hasara inayoniuma kila ninapoisikia.

Pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid nisimame wapi nisikie vizuri? (Msomaji, Kijenge)

Karibu na meza ya fundi mitambo, au mbele yake kidogo, katikati ya spika za kulia na za kushoto. Yeye anapanga sauti kwa anachokisikia hapo. Ukibanana na jukwaa unapata besi ya chini na ngoma, maneno yanapita juu ya kichwa chako.

Shikamoo. Nina ukumbi mdogo Moshi, kuta za saruji na paa la bati. Tukileta bendi kila kitu kinakuwa makelele, na gitaa likichomekwa kunatokea mvumo. Fundi ameniambia tukate waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na mvumo utaisha. Tukate? (Msomaji, Pasua)

Marahaba. Msikate. Nasema tena: msikate, na fundi aliyekwambia hivyo asiguse tena umeme wa ukumbi wako.

Mvumo huo kwa kawaida unatokea kwa sababu amplifaya ya gitaa inakula umeme kwenye soketi moja na miksa (meza ya kuchanganyia sauti) kwenye nyingine ya mbali, kwa hiyo ethi zina njia mbili na umeme unazunguka kati yao. Ukikata ethi mvumo unaweza kuisha kweli, lakini ulinzi nao umeisha. Amplifaya ikivujisha umeme, nyuzi za gitaa zinakuwa na moto na maiki ina ethi. Mpigaji akishika nyuzi na kugusa maiki kwa mdomo, umeme unapita kifuani mwake. Mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, Mei 1972, kwa kugusa maiki isiyo na ethi salama huku ameshika gitaa.

Fanya hivi badala yake. Vyombo vyote vya jukwaani na miksa vipate umeme kutoka sehemu moja, kwa ekstensheni nzito zenye ethi. Taa zipewe laini yake. Mvumo ukibaki, tumia kikasha cha DI (kinachounganisha chombo na miksa) chenye swichi ya kutenganisha ethi kwenye kebo ya sauti. Hiyo haigusi ethi ya umeme. Funga breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, kwenye laini ya jukwaa. Kabla mtu hajaimba, chukua mita, iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa na nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma karibu na sifuri, sawa. Ikionyesha volti kumi, au mia, hakuna anayepanda mpaka mjue kwa nini. Kama mnatumia jenereta, nayo ichimbiwe ethi yake.

Kuhusu makelele, simama katikati ya ukumbi ukiwa mtupu na upige kofi moja kali. Mlio ukiendelea kuzunguka zaidi ya sekunde moja na nusu, ukumbi wenyewe unapiga muziki wake juu ya bendi. Kuongeza spika kutaharibu zaidi. Zielekeze spika kwenye vichwa vya watu, zisiangalie ukuta wa nyuma. Tundika mapazia mazito au mablanketi ukuta ulio mkabala na jukwaa. Kanga moja haizuii kitu. Sauti ya drama ipunguzwe kutoka kwa mpigaji mwenyewe, kwa sababu ukumbi wa watu 150 hauhitaji maiki saba kwenye drama.

Na bendi ya watu wanane au kumi ipewe saa moja na nusu ya kujaribu sauti kabla ya mlango kufunguliwa. Waanze na waimbaji, ndiyo maiki zinazolia, kisha besi na drama, magitaa, kinanda, tarumbeta. Ukumbi mtupu unang'ara kuliko ukiwa na watu, maana miili na nguo hunyonya sauti za juu. Fundi asikimbilie kupunguza treble saa kumi jioni halafu ashangae saa tatu usiku waimbaji wamekuwa butu.

Kinyozini tumebishana: shoo bora ya wakati wote ni bendi ya Queen kwenye tamasha la Live Aid au Bob Marley Zimbabwe? (Wasomaji, Moshi mjini)

Mnalinganisha video. Queen walipiga dakika zipatazo 20 pale uwanja wa Wembley, Julai 13, 1985, na mnachokisikia kwenye simu ni sauti iliyochukuliwa kwenye miksa na kusawazishwa kwa ajili ya televisheni. Aliyekuwa nyuma ya uwanja alisikia kitu kingine. Marley pale uwanja wa Rufaro, Aprili 1980, alikatizwa na mabomu ya machozi. Uzito wa usiku ule ulikuwa kuzaliwa kwa nchi, na huo haupimwi kwa mizani ya magitaa.

Kama mnataka ubishi wenye faida, bishaneni juu ya bendi mnazoweza kupanda basi mkazisikia. Msondo, waliozaliwa NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde, yaani Mlimani Park ya 1978. Marehemu Muhidin Gurumo aliimba kwa wote wawili. Wasikilizeni wanavyoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza: gitaa la solo linabaki juu, la second solo linajibu, la rithimu haliondoki mahali pake, na tarumbeta zinangoja. Hilo halipatikani kwenye flashi, kwa sababu wapigaji wanarefusha au kufupisha kwa kuangalia sakafu inachezaje. Wa tatu ni Jagwa Music wa mchiriku, kinanda kidogo cha Casio na ngoma, wanaotikisa jukwaa kuliko wasanii wenye fataki.

Masikio yanapiga kengele siku nzima baada ya shoo. Ni kawaida? (Dada wa Sanawari)

Hutokea sana, lakini si salama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15 kwenye kumbi, na shoo nyingi zinapita hapo ukiwa mbele ya spika. Vaa viziba masikio vya sponji: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika vitanuke. Pamba na tishu hazisaidii. Mlio ukipita siku nzima, nenda kitengo cha masikio, hospitali ya KCMC pale Moshi wanacho. Na watoto msiwabebe mabegani mbele ya spika.

Msanii akichelewa kwa saa nne nzima, tufanye nini? (Msomaji, Majengo)

Daini kiingilio chenu kwa mwandaaji, si kwa mlinzi wa getini.

Tunapanga shoo ya nje Arusha mwezi Julai, bendi kamili yenye tarumbeta. Tuangalie nini? (Kikundi cha vijana, Unga Limited)

Mvua mmeikwepa, masika ni Machi hadi Mei. Adui yenu ni baridi ya usiku. Nyuzi za gitaa zikipoa hukaza na sauti kupanda. Tarumbeta na saksafoni zikipoa sauti hushuka. Vyombo viwili vinakimbiana pande tofauti, na watu wanasema bendi haijui kupiga. Magitaa yatolewe kwenye mabegi yakae jukwaani dakika 45 kabla, ndipo yatyuniwe, na yatyuniwe tena baada ya wimbo wa pili. Wa tarumbeta wapulize pumzi ya moto ndani ya vyombo vyao wakiwa nyuma ya jukwaa, bila kutoa mlio, hadi dakika ya kupanda. Noti ya kutyunia itoke kwenye kinanda, maana chenyewe hakijali baridi.