Bibi alipima kwa hatua

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Sheria za kudhibiti frakingi zikazwe, au zilizopo zinatosha?" Nilipoisoma nilisema moyoni, hili nalo ni swali? Zikazwe, tena zikazwe hasa. Kisha nikaikumbuka Denton.

Denton ni mji wa Texas, kaskazini ya Dallas na Fort Worth, juu ya mwamba wa Barnett. Ni katika mwamba huo, miaka ya 1990, frakingi, yaani kazi hii ya kupasua miamba kwa maji, mchanga na kemikali ili itoe gesi au mafuta, ilipokomazwa hadi ikaleta faida. Nilisoma huko, nikikaa kwa dada na shemeji. Mwishoni mwa 2013 mama mkwe wa dada alikuja kutoka Tanga kuona wajukuu. Hata wiki mbili hazijaisha, nyuma ya uzio ukasimama mnara wa kuchoronga.

Mashine zilinguruma usiku kucha. Taa zilimulika chumba cha Bibi hata ungeweza kuchambua mchele saa nane za usiku. Akatundika kanga mbili dirishani, halafu blanketi juu yake. Asubuhi akamuuliza shemeji, "Hawa hawana mkubwa wao tukamwone?" Shemeji akamwambia kuwa gesi na mafuta ya Texas husimamiwa na Tume ya Reli. Bibi akadhani anataniwa. Wala, ndilo jina la chombo hicho mpaka leo, ingawa mambo ya reli hakishughuliki nayo tena. Tangu siku hiyo kwake wakawa "watu wa reli".

Shemeji akaeleza pia kwamba mwaka uleule mji ulikuwa umepitisha sheria: kisima kiwe futi 1,200 kutoka nyumba za watu, yaani kama mita 365. Bibi hakujibu. Alivaa koti la shemeji na viatu vyake vikubwa, akatoka mlango wa jikoni akihesabu hatua, akazunguka uzio mpaka pale walinzi walipomwinulia mkono. Akarudi anahema. "Mia na kumi. Na hatua zangu mimi ni fupi."

Tulipouliza, jibu lilikuwa jepesi: kibali cha kisima kilitangulia sheria. Na hapa niseme jambo ambalo dada hapendi nilitaje. Eneo lile la kisima lilikuwepo kabla ya nyumba. Nyumba ndiyo iliyosogezwa, na katika karatasi walizotia saini mlikuwa na mstari kwamba madini yaliyo chini hawakuyanunua. Kwetu madini ni ya taifa, basi. Kule yanaweza kuwa ya mtu usiyemjua, na ana haki ya kupita juu ya ardhi yako ili ayafikie.

Tarehe 4 Novemba 2014 Denton ikapiga kura kuzuia kabisa frakingi ndani ya mji, na karibu asilimia 59 wakakubali. Dada alipiga, mimi, mwanafunzi wa viza, nilimsubiri garini. Bibi alikuwa amesharudi Tanga, akapigia vigelegele kwenye simu. Kesho yake tu kesi zikafunguliwa mahakamani. Mei 2015 Gavana Greg Abbott akatia saini sheria ya jimbo, HB 40, iliyoinyang'anya miji uwezo huo. Juni, baraza la mji likaifuta marufuku lenyewe.

Sasa HB 40 nayo si sheria? Tena kali. Ila waliokazwa ni wenye nyumba.

Kwa hiyo nilianza nikitaka ukali, na sasa naona afadhali sheria ya wastani inayogusa hata vibali vya zamani, na inayomzuia mjenzi asisogeze nyumba kisimani. Kuhusu marufuku kamili, sina hakika tena. New York walitangaza yao Desemba 2014 na bado imesimama, lakini hiyo iliwekwa na jimbo lenyewe, hakukuwa na mkubwa wa karibu wa kuitengua. Halafu mngeniuliza usiku ule wa kanga dirishani, ningewaambia wang'olewe kabla ya alfajiri.

Mnara ulishaondoka. Kimebaki kichwa cha kisima na matangi, kimya. Bibi akipiga simu, akishamaliza habari za wajukuu, huuliza kama watu wa reli wamezima taa.