Nyonga ya mama: usiishie kuuliza "bado inauma?"

Bi mkubwa wangu nyonga ya kulia imesagika, gegedu, ule utando unaozuia mifupa isisagane, limelika, na karibu mwaka mzima kila tukienda kliniki anaulizwa "mama unaendeleaje", anajibu "alhamdulillah mwanangu, afadhali", inaandikwa afadhali, tunapewa dawa za maumivu tunarudi Tanga nyumbani. Na hakuwa anadanganya. Ila siku moja nikamkuta mjukuu ndo anakuna nazi, mama yuko kwenye kiti anamwelekeza, nikamuuliza tangu lini? Kumbe mbuzi alishaiacha tangu kabla ya Ramadhani maana akikaa pale chini hanyanyuki mpaka ashikwe mkono, kusali anasali kwenye kiti, sokoni anatuma mtu. Yani maumivu yalipungua kwa sababu kila kinachomuuma alishaacha kukifanya! Iliniuma sana, naishi naye nyumba moja na sikuona.

Kwa hiyo ndugu zangu, maumivu yaulizeni lakini na uwezo wake mpimeni, ni vitu viwili tofauti.

Mtu wa fiziotherapia alinifundisha kipimo cha kiti. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, urefu wa kukalia kama sentimita 43, kiegemeze ukutani, mzee akae akunje mikono kifuani, washa saa ya simu sekunde 30, hesabu anasimama wima kabisa mara ngapi, wewe usimame karibu yake asije akaanguka. Kama hawezi hata mara moja bila kujishika andika sifuri, halafu mruhusu ajishike na uandike pembeni kwamba alijishika. Mama mwezi wa tatu alipata 6. Kingine ni kutembea, pima mita 10 uani, aende arudi mpaka zitimie 40 kwa mwendo wa haraka anaoumudu, andika sekunde, na kama anatumia mkongojo atembee nao tu ila uandike. Kiti kiwe kilekile, viatu vilevile, muda uleule, na kama kameza dawa ya maumivu andika, maana mimi mara ya kwanza nilipima asubuhi ya pili jioni nikachanganyikiwa bure. Na idadi ya kusimama ikiongezeka moja tu usikimbilie kushangilia, inaweza kuwa ni siku tu, zikiongezeka mbili tatu ndo ina maana.

Kuna na dodoso la wagonjwa wa nyonga na magoti yaliyosagika linaitwa WOMAC, limetoka Kanada, maswali 24 na 17 kati yake ni ya shughuli za kila siku. Ni zuri, wakikupa lijazeni, lakini linauliza kuvaa soksi na kuingia kwenye sinki la kuogea, sasa mama yangu soksi havai na sisi tunaoga kwa ndoo. Ongezeni ya kwenu: kuchuchumaa chooni, kusujudu, kukata kucha za miguu, kupanda daladala anatanguliza mguu upi.

Kliniki iliyofuata nilienda na daftari. Daktari alilisoma lote, akamwambia mama apande kitandani akaupinda mguu na kuuzungusha, kitu ambacho hakikufanyika muda mrefu, tukaandikiwa na mazoezi ya mara tatu kwa wiki. Juzi kwenye kiti kapata 9. Mbuzi bado, ila kigoda kirefu kidogo tulichomtengenezea anakalia na kunyanyuka mwenyewe.