Jibu: 15W-40 au 20W-50 kwa lori la dizeli, Kisumu–Nakuru

Habari ndugu. Umeuliza kama lori lako la sukari lihame kutoka oili ya injini ya 15W-40 hadi ile nzito zaidi ya 20W-50, kwa kuwa taa ya presha ya oili humulika injini ikiwa moto, hasa unapopunguza mwendo baada ya kupanda Mau Summit.

Usiendelee kuliendesha taa ikiwaka. Kwanza pima kiwango kwenye kijiti lori likiwa mahali tambarare, kisha fundi afunge geji ya mkono apate presha halisi, kwani sensa mbovu huwasha taa hiyo hiyo. Ukiinusa oili na kupata harufu ya dizeli, au ukiisugua kati ya vidole ikateleza kama maji, huenda kuna nozeli (ya kunyunyizia dizeli) inayovuja, na oili nzito itauficha tu ugonjwa huo.

Joto la Kisumu lisikutishe. Namba ya pili, 40 au 50, huonyesha uzito wa oili kwenye nyuzi 100, na injini inayopozwa vizuri hufanya kazi karibu na hapo, iwe Ahero au Molo; ile yenye W inahusu kuwasha kwenye baridi, na alfajiri ya Mau Summit 15W inatosha kabisa. Mimi ningebaki na 15W-40 ikiwa kitabu cha lori kinaikubali. 20W-50 ni ya injini kuukuu, tena kitabu kikiiruhusu.

Wengi hupuuza herufi za API, yaani alama za daraja la oili kwenye kopo: CI-4 ni ya dizeli, SN ni ya petroli. Kama ekzosi ina kichujio cha masizi, tafuta CK-4.