Muulize Fundi: Skrepa inapotaka kusimama uwanjani

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya chuma chakavu. Nimechukua matano, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndo lenye uwezo wa kumpeleka mtu hospitali.

Shikamoo fundi. Nilikuwa nachonga mbao, sasa nimehamia chuma. Kuna kiwanda kimevunjwa nikapewa skrepa bure, kuna gia kubwa kubwa, cheni, springi za malori, mabomba yanayong'aa, vyuma vya rangi iliyobanduka na mapipa. Nataka nitengeneze mvuvi anavuta wavu, urefu mita nne, asimame sehemu ya wazi watu wote wamuone. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza kwa kuzima mashine ya kuchomelea. Najua mikono inawasha, ila skrepa ina maisha iliyoishi kabla yako na we huyajui bado.

Hayo mabomba yanayong'aa kijivu nahisi yamepakwa zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 hivi wakati chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka karibu 1,500, kwa hiyo ukigusa tu na moto zinki inageuka moshi mweupe, unauvuta, mchana uko fresh tu, jioni unaanza kutetemeka, homa, viungo vyote vinauma, unasema ni malaria. Inaisha ndani ya siku moja au mbili halafu unarudi kufanya ujinga uleule (mimi nilirudi mara mbili). Maziwa hayasaidii kitu, watu wanayanywa kwa imani tu. Saga zinki mpaka uone chuma, angalau sentimita tano kila upande wa mshono, na ukae upepo unakotokea.

Rangi ya zamani ya viwandani, hasa ile ya chini yenye wekundu wa chungwa, mara nyingi ina risasi, ile metali yenye sumu. Ukiipiga grinda kavu unaivuta, na iliyobaki unaipeleka nyumbani kwa watoto kwenye nguo. Ibandue kwa dawa au uikwangue ikiwa imelowa, na maski iwe yenye chujio la kweli sio kitambaa. Halafu dawa ya kusafishia breki, ile yenye klorini, usiitumie kabisa kusafisha chuma unachokwenda kukichomelea, ikikutana na moto wa umeme inatoa fosjini, gesi ileile waliyouliana nayo kwenye vita kuu ya kwanza.

Mapipa sasa. Pipa la mafuta lililo tupu ni baya kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa na humo ndani upo wa kutosha. Kusuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Kama hujui lilibeba nini liache, mvuvi wako hahitaji pipa. Na ukikuta kitu kizito isivyo kawaida au chenye alama ya mionzi, ile kama mapanga matatu ya feni, toka hapo uite wanaohusika. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, waokota skrepa walifungua mashine ya matibabu ya mionzi iliyoachwa kwenye kliniki iliyohama, watu wanne wakafa.

Kilichobaki kijaribu kwa sumaku na grinda ujue ni chuma cha aina gani. Chuma laini cha kawaida kinatoa cheche ndefu za manjano nyeupe, springi inatoa cheche zinazopasuka kama vinyota vingi, kasti (chuma kilichomiminwa kwenye kalibu) inatoa cheche fupi nyekundu zisizo na hamu. Springi ikichomelewa ikapoa haraka, pembeni ya mshono inakuwa ngumu ya kuvunjika kama glasi. Kasti ndo kabisa, inataka rodi za nikeli, ipashwe moto kwanza kisha ifukiwe kwenye mchanga mkavu ipoe taratibu, na bado unaweza kuwa umelala usiku ukasikia *tak*, imepasuka.

Ndo maana ushauri wangu, na hapa kuna mafundi tunabishana kila siku, ni kwamba mifupa ya sanamu iwe chuma kipya unachokijua, skrepa iwe nyama tu. Gia za kasti zifunge kwa bolti. Mvuvi anayevuta wavu ameinama, uzito wote unaenda kwenye vifundo vya miguu, na plaiti ya milimita 10 tu ina kilo 78 na nusu kwa kila mita ya mraba, sasa jumlisha cheni. Hesabu ya miguu, msingi na upepo mpe injinia aisaini. Sio kwamba hujui kazi, ni kwamba chini yake watapita watu ambao hawakukuuliza.

Fundi mi napenda kutu, nataka niiache tu ibaki ile rangi ya udongo kama sanamu za nje huko. Itadumu?

Unachokiona kwenye zile picha sio kutu ya kawaida. Sanamu la Angel of the North kule Uingereza, la mwaka 1998, mita 20 kwenda juu na mabawa mita 54, na lile sanamu la msanii Picasso pale Chicago, Marekani, la 1967, yote ni koteni, chuma kilichochanganywa shaba kidogo na kromu ili kutu yake igande ngumu na ikinge kilicho ndani. Skrepa yako haina huo mchanganyiko, kutu yake inameguka, inakula tena, inameguka. Na hata koteni yenyewe inataka ilowe kisha ikauke, ikikaa na maji inaoza kama nyingine.

Kwa hiyo adui ni maji yaliyokaa. Mwaga ndoo ya maji juu ya kazi yako uangalie yanapogoma kutoka, hapo toboa. Kila bakuli, kila kiganja kilichokunjwa, kila bomba lililosimama. Ukiamua kuipeleka ikazamishwe kwenye zinki ya moto, nyuzi 450, bomba lililozibwa pande zote linaweza kulipuka humo ndani, kwa hiyo matundu ni lazima. Kama unataka rangi ya kutu tu, paka praima ya zinki, halafu epoksi, halafu juu rangi ya kutu. Wapenda kutu halisi mtanichukia, sawa.

Naweza kuchanganya shaba na chuma kwenye sanamu moja?

Unaweza, ila zisigusane. Zikilowa zikiwa zimegusana inakuwa kama betri, na chuma ndo kinacholiwa. Sanamu ya Uhuru pale New York ngozi yake ni shaba na ndani ilishikiliwa na fito za chuma, kati waliweka kitenganishi lakini kikachakaa, mpaka kwenye ukarabati wa miaka ya 1980 ikabidi fito zitolewe ziwekwe za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. We weka plastiki ngumu au mpira katikati, na bolti ipitie kwenye kibomba cha plastiki, hapo ndo wengi wanasahau.

Majirani wanasema nimejaza takataka. Nawajibuje?

Usiwajibu, maliza. Mwaka 1942 Picasso alichukua kiti cha baiskeli na usukani akapata kichwa cha ng'ombe dume, vipande viwili tu. Kule Wisconsin, Marekani, Tom Every alikuwa mbomoaji wa viwanda kwa kazi, akaanza 1983 kuunganisha vile alivyovibomoa, ikatoka sanamu aliyoiita Forevertron, dude la tani kama 300. Na Msumbiji, msanii Kester alitengeneza kiti cha enzi kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita, 2001, kipo British Museum. Ila na we panga hiyo skrepa vizuri bwana, ikizagaa mpaka njiani majirani wana haki.

Nimeandika "usipande" kwenye sanamu yangu lakini watoto wanapanda. Nifanyeje?

Watapanda, na bango hawalisomi. Saga kila ncha wanayoifikia, vaa glovu nyembamba uipapase yote, glovu ikishika mahali na ngozi itashika. Angalia nafasi kati ya vyuma, viwanja vya michezo vinaogopa upana wa sentimita 9 mpaka 23, ambapo mwili unaweza kupita kichwa kikabaki. Gia zisizunguke kabisa, zibane zigande (za kasti kwa bolti kama nilivyosema), hata kama zikizunguka zinapendeza. Halafu kwenye hesabu ya uzito usiweke mtoto mmoja, weka sita, na yule baba yao aliyewafuata juu kupiga picha.