Anza na Uani: Kwa Mbunifu Mpya Anayepewa Kiwanja Kidogo Dar es Salaam

Mteja wa kwanza atakayekujia na kiwanja cha mita 20 kwa 15 pale Sinza au Tabata atakuomba vyumba vinne, viwili kati yake vikiwa masta, sebule, jiko la ndani, stoo, maegesho ya magari mawili na, nafasi ikibaki, vyumba viwili vya kupangisha nyuma. Mkono utakuwasha uanze kupanga vyumba hivyo mara moja. Nakushauri uchore kwanza sehemu zitakazobaki wazi, kwa sababu katika kiwanja kidogo sehemu hizo ndizo zinazoipa nyumba hewa, mwanga na maji, na ndizo zinazomegwa kwanza kila mteja anapokumbuka chumba kingine.

Nililijua hili kwa kukosea. Katika moja ya kazi zangu za mwanzo, vyumba vya kulala nilivielekeza kwenye uwanja wa jirani, ambao wakati huo ulikuwa mtupu na una mwembe mzuri. Baada ya miaka michache jirani aliukata mwembe, akapandisha ghorofa karibu kabisa na mpaka, na wateja wangu wakabaki wakiwasha taa saa nne asubuhi na feni usiku kucha. Jirani hakuwa na kosa. Alijenga kwenye haki yake. Tangu hapo, kabla ya kuchora nyumba ya mteja huchora kwanza ya jirani: ukuta mtupu, karibu na mpaka na mrefu kadiri taratibu za halmashauri zinavyoruhusu, pande zote tatu.

Ukishauweka ukuta huo kwenye mchoro, utaona kwamba hewa ya uhakika ni ile unayoiwekea nafasi ndani ya mpaka wako mwenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilikwisha kulijua jambo hili: mlango wa mbele, ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, kisha uani nyuma penye jiko na choo, na upepo ukipita moja kwa moja kutoka barazani hadi uani. Sisi tuliufunika uani huo kwa masta na stoo, halafu tukanunua kiyoyozi. Uani wa mita 3 kwa 4, uliopangwa ili kila chumba cha kulala kiwe na tundu la hewa upande huo na jingine upande wa pili, utafanya kazi kubwa kuliko dirisha pana lililo peke yake, kwa kuwa hewa haiingii chumbani isipokuwa ina mahali pa kutokea. Kumbuka pia kwamba dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu hupunguza tena kinachobaki. Ukimwonyesha mteja hesabu hiyo, huenda akakubali luva au dirisha la bawaba.

Kuhusu jua na upepo, mahali petu pametupendelea kidogo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, na upande wa kusini miezi iliyobaki, na mara zote huwa juu sana. Upenu wa sentimita 60 hutia kivuli cha takriban mita moja kwenye ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, mwezi ambao jua hilo huwa chini kuliko miezi mingine. Ukuta wa magharibi hauokolewi na upenu wowote, kwa sababu jua la alasiri huja likiwa limeinama; huko weka ngazi, bafu na stoo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo matundu ya upande wa mashariki hupokea pepo zote mbili. Paa la kuficha, yaani lile linalojificha nyuma ya kuta zilizopandishwa juu yake, ambalo kila mteja hulitaka siku hizi, huondoa upenu wote na kuacha kuta zikipigwa na jua na mvua. Mimi hulikataa mara mbili kabla ya kulikubali.

Maji ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 90, mvua moja kubwa ya masika ya milimita 50 ikinyesha, hutoa lita 4,500, na hata ukipoteza sehemu ya tano zinabaki 3,600. Usimdanganye mteja, hata hivyo, kwamba tangi la lita 5,000 litamvusha kiangazi: watu watano wanaotumia lita 60 kila mmoja hulimaliza kwa siku 16. Tangi la chini ya ardhi la mita 3 kwa 3, kina mita 2, hubeba lita 18,000, yaani siku 60, na linaweza kukaa chini ya maegesho bila kula nafasi ya mtu.

Shida ni kwamba shimo la majitaka nalo linataka ardhi hiyo hiyo. Liweke kwenye mchoro siku ya kwanza, mbali na tangi kadiri kiwanja kinavyoruhusu, upande wa chini wa mteremko, na mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya utafika bila kupitia sebuleni. Chimba shimo la majaribio wakati wa masika, si Agosti, kwa kuwa katika maeneo ya mabondeni maji ya ardhini hupanda, na shimo ambalo udongo wake umeshiba halinywi tena chochote.

Mwisho, muulize mteja kama atataka kupandisha ghorofa baadaye, kwa maana wengi hujenga kwa awamu. Akisema ndiyo, mhandisi akadirie msingi na nguzo kwa uzito huo sasa, nawe utenge mahali pa ngazi, hata kama kwa miaka kumi patakuwa stoo ya mkaa na baiskeli.