Gari imegongwa, bei kwa picha ya WhatsApp? Hapana

SWALI: Shikamoo mzee. Niko gereji hapa Malindi mwaka wa pili sasa, nanyoosha bodi na kupiga rangi. Wateja wananitumia picha ya gari iliyogongwa, wanataka bei saa hio hio. Nikiwatajia, kazi ikianza gharama inapanda na hasara nabeba mimi. Je kuna fomula, mfano kila peneli, yaani mlango au fenda, bei fulani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fomula hakuna. Hio ya kila peneli ni bei ya rangi, sio bei ya ajali, na mafundi wengi wanafilisika hapo hapo.

Tatizo ni bampa. Bampa ni plastiki, ikigongwa inabonyea halafu inarudi, kwa picha unaona mchubuko tu na taa imepasuka. Niliwahi kuletewa Fielder iliyokula ng'ombe usiku barabara ya Mambrui, mwenyewe kashapewa bei ya bampa na taa kwa simu. Tulipovua bampa, chuma cha nyuma yake kimejikunja, kondensa ya AC imetoboka, na mguu mmoja wa mbele, ule mhimili wa chuma wa bodi unaoshikilia mbele ya gari, umesogea ndani. Bei ikawa zaidi ya mara tatu, na yule wa kwenye simu hakupokea tena.

Kwa hivyo vua kwanza, ndio uandike. Chukua futi upime boneti ikiwa wazi, kona hadi kona, msalaba, halafu linganisha, vipimo visipolingana bodi imepinda na ujue gari ndogo za saluni nyingi hazina shasi ya kando, bodi yenyewe ndio shasi. Angalia pia uwazi kati ya boneti na fenda, kushoto na kulia. Kila kitu kiandikie mstari wake, kubadilisha, kunyoosha, au kuvua na kurudisha tu, na spea, masaa ya kazi na rangi viwe mbali mbali. Kuvua bampa usiitoze mara mbili kwa sababu umeigusa mara mbili. Rangi ya lulu, ile inayometameta, lazima uivutie mpaka peneli ya jirani ili zifanane, hio nayo ni pesa. Na kama kuna bima usiguse kitu kabla asesa hajaiona.

Sasa hawa wa bei rahisi ndio wananichosha. Mguu umepinda wanaupasha moto kwa gesi mpaka uwe mwekundu, wanaupiga nyundo, basi, na chuma kigumu cha gari za siku hizi kikipashwa hivyo nguvu imekwisha. Wengine wanapaka puti, ule udongo wa kujazia mabonde, juu ya kutu, na upepo wetu huu wa chumvi, miezi michache inafura.

Lakini ubaya wenyewe uko kwa eabegi. Ikishafunguka haitumiki tena, hata kikaza mkanda wa kiti kikishafyatuka unaweka kipya tu, ndio maana bei yake inawatisha watu. Wanachofanya ni kuweka rezista, kidude kidogo cha umeme, kwa waya ili kompyuta ya gari idhani eabegi ipo, au wanaziba tu ile taa. Ukinunua gari washa swichi uangalie dashibodi, taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache ndio izime, isipowaka kabisa uliza kwa nini. Lakini penye rezista itawaka na kuzima vizuri tu, hapo mpaka ufungue. Mwezi uliopita nimefungua usukani wa Noah moja, ndani kuna sponji na gundi. Mwenyewe alikuwa kashalipia eabegi mbili.