Maswali na Majibu: Nipake nini kwenye paa la motahomu ninayotaka kununua?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa lori, naishi Houston na familia yangu. Nimepata motahomu (gari lenye nyumba ndani yake) ya mwaka 2006, ile yenye kitanda juu ya kebini ya dereva, imejengwa juu ya Ford E-450, urefu wake futi 28. Mwenyewe anataka dola 19,500. Paa ni la mpira wa EPDM, na anasema amelipaka koti jipya jeupe, yaani tabaka la rangi ya kuzuia maji, miezi miwili iliyopita. Ndoo bado anayo, imeandikwa dhamana ya miaka 10. Nimepanda ngazi nikaliangalia, ni jeupe kote, sikuona ufa. Ndani kuna doa dogo la kahawia kwenye kona ya kile kitanda cha juu. Anasema ni la zamani na palishazibwa. Rafiki yangu ambaye ni fundi ujenzi ananishauri nimshushe dola 1,000, nipige silikoni kwenye ile kona, mambo yaishe. Naomba unisaidie: silikoni ipi ni nzuri, na nikitaka kuongeza koti la pili nitahitaji galoni ngapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Silikoni usinunue, na habari za galoni tuziache kwanza. Katika yote uliyoandika, kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile koti jipya ambalo wewe umeliona ni sifa. Laiti ungekuta paa chafu, mpira unaacha unga mweupe kwenye kiganja, silanti ya zamani, ile gundi ya kuzibia maungo, imepasuka kuzunguka feni ya paa! Paa la namna hiyo linasomeka. Unaona mahali palipochoka, unaona mahali palipowahi kutengenezwa, unaona maji yalikokuwa yanatuama. Lililopakwa miezi miwili kabla ya kuuzwa limefutwa maandishi yote, na wewe unaombwa ulinunue kwa kuamini.

Maswali ya aina hii nayapokea kila mara, na karibu yote yanaanzia kwenye dhana moja: kwamba kuvuja ni shida ya juu ya paa, basi dawa yake ni kupaka kitu juu ya paa. Nadhani tumeitoa kwenye mabati. Bati likitoboka, tundu liko juu na tone linaanguka chini yake. Unaweka ndoo, kesho unapanda unaziba, kazi imekwisha. Motahomu haivuji hivyo. Juu kuna ngozi nyembamba ya mpira iliyogundishwa kwenye plaiwudi. Chini ya plaiwudi kuna fremu, katikati ya fremu pamejazwa sponji au sufi ya kukinga joto, na baada ya hapo ndipo inakuja dari unayoiona ukiwa umelala. Maji yaliyoingilia kwenye skrubu ya feni katikati ya gari yanaweza kufuata plaiwudi, yakashika fremu, yakatokea mbali kabisa na pale yalipoingilia. Doa linapojitokeza darini, mbao na sponji za juu yake zimeshakunywa maji ya kutosha.

Kwa hiyo doa lako hilo dogo usilipime kwa ukubwa wake. Kona ya kitanda cha juu ya kebini ni mahali pabaya kuliko pote katika motahomu za muundo huo. Pale juu kipande cha mbele kinaungana na mpira wa paa, kuna maungo ya pembeni yenye skrubu mfululizo, kuna zile taa ndogo za rangi ya machungwa zilizotobolewa hadi ndani, na mara nyingi kuna dirisha. Sehemu yote hiyo inakabili upepo. Ukiwa barabarani kwa maili 65 kwa saa, mvua inasukumwa kwa nguvu kwenye kila kijitundu. Aliyepaka koti la juu hajagusa taa hizo wala dirisha hilo. Anaposema "palishazibwa", muulize alifungua nini ili azibe. Kama hakufungua kitu, hakuziba.

Sasa fanya kazi ambayo ngazi haikukufanyia. Anzia ndani.

Nyanyua godoro la kitanda cha juu, ulitoe kabisa. Bonyeza kwa kidole gumba mbao za chini yake, kwenye kona zote mbili na kandokando ya ukuta wa mbele. Mbao nzima haikubali kidole. Inayobonyea, inayotoa mlio wa kuchanika, au ambayo karatasi yake ya ukutani imejikunja na kuachia, imeoza au imewahi kulowa, hata kama leo ni kavu. Fungua makabati ya juu, pitisha mkono kwenye pembe zake za ndani kabisa, mahali ambapo mtu anayesafisha gari la kuuza hafiki.

Kisha nenda kwenye kiyoyozi. Hapa nakuomba utumie muda, kwa sababu ni mahali pazuri kuliko pote ambapo paa lenyewe linajionyesha bila kuchanwa. Kiyoyozi cha paa kimekaa juu ya tundu la mraba la inchi 14 kwa 14, na kwa ndani kina kifuniko cha plastiki ambacho kwa kawaida kimeshikwa na skrubu chache. Omba ruhusa, zima umeme, fungua kifuniko, ingiza tochi kwenye pembe za lile tundu. Utaona paa lilivyokatwa, tabaka kwa tabaka: mpira, plaiwudi, sponji, dari. Plaiwudi yenye afya ina rangi ya manjano hafifu na tabaka zake zimeshikana. Iliyokunywa maji ina mistari ya kahawia iliyokoza au weusi, tabaka zimeachana, na ncha ya bisibisi inazama bila kusukumwa. Tazama pia bolti ndefu zinazokikaza kiyoyozi. Kutu nyekundu kwenye bolti hizo ni dalili kwamba gasketi ya chini ya kiyoyozi imekuwa ikipitisha maji, na hilo halitibiwi na koti lolote, kwa sababu gasketi iko chini ya mashine na brashi haifiki. Kuna magari ambayo tundu hilo limezungushiwa utepe wa foili, huoni mbao. Basi fanya hivyo hivyo kwenye feni ya bafuni: toa fremu yake ya plastiki, tazama ukingo wa tundu.

Muuzaji akikukataza kufungua skrubu chache za kifuniko cha plastiki kwenye kitu anachokuuzia kwa dola 19,500, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Huenda kuna mtu atakuja na mita ya unyevu akuonyeshe namba. Mita ni kifaa kizuri, mimi mwenyewe siendi kukagua bila hiyo, lakini inasomwa vibaya kila siku. Inapima maji yaliyomo kwenye mbao leo. Mbao ikikaa na unyevu unaopita asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila. Ukiikausha baadaye, namba inashuka hata chini ya 15 lakini mbao iliyoliwa haikui tena. Gari lililokaa juani Texas kiangazi kizima linaweza kukupa namba nzuri kabisa juu ya plaiwudi inayobomoka kwa kucha. Ndiyo maana kidole na bisibisi vinatangulia. Pia usikubali mtu akupimie kwa kuiweka mita juu ya mpira wenyewe. EPDM ina kaboni nyeusi ndani yake, mita inaweza kudanganyika ikaonyesha maji yasiyokuwepo. Pima kwa ndani, na linganisha kona inayoshukiwa na mahali pakavu pa gari hilo hilo.

Huko nje, simama mwishoni mwa ukuta, weka jicho karibu na ukuta wenyewe, utazame urefu wote huku jua la asubuhi au la jioni likiupiga kwa pembeni. Fibaglasi ya ukuta ikiwa imevimba au ina mawimbi, mara nyingi maji yameingia nyuma yake na gundi imeachia. Kwenye maungo ya kona kuna ukanda wa plastiki unaofunika skrubu. Uvute kidogo uone kama skrubu zina kutu. Juu ya paa, usitembee ovyo. Piga magoti juu ya kipande cha plaiwudi ili uzito usambae, bonyeza kwa viganja kuzunguka kila tundu na kando zote za mbele. Koti jipya linaficha rangi, lakini ulaini haliwezi kuuficha.

Nirudi kwenye silikoni, maana hapa ndipo subira inaniishia. Silikoni ya bafuni haishiki vizuri kwenye EPDM. Mwanzoni inaonekana imekamata, baadaye ukingo unanyanyuka na maji yanapata mfuko wa kukaa chini yake. Baya zaidi ni kwamba ikishapakwa, karibu kila kitu kingine kinakataa kushika juu yake, ikiwemo silanti sahihi ya paa. Atakayekuja kutengeneza kwa haki atalazimika kukwangua yote mpaka mpira uwe safi, na saa zake utazilipa wewe. Rafiki yako anaweza kuwa fundi hodari wa nyumba. Paa hili si la nyumba, na ushauri wake utakugharimu.

Kinachozuia maji kwenye feni, kwenye taa na kwenye vifaa vingine vilivyotobolewa kwa kawaida ni utepe wa butili, mpira laini unaonata, uliolala chini ya kifaa, kati yake na gari. Silanti unayoiona juu ni ulinzi wa pili. Butili ikizeeka, kazi ya kweli ni kufungua skrubu, kung'oa kifaa, kusafisha, kulaza utepe mpya, kurudisha kifaa, na mwisho kufunika skrubu na kingo kwa silanti ya paa, ile inayojisambaza yenyewe. Ni kazi ya kuchosha. Mwenye ndoo na brashi anaikwepa, halafu anakuambia dawa yake ni ya kisasa.

Sisemi koti ni uongo. Kwenye paa kavu, lililosafishwa, lililokaguliwa, maungo yake yakiwa yametengenezwa kwanza, koti zuri linaongeza miaka. Likipakwa juu ya plaiwudi iliyolowa linafungia maji ndani, na uozo unaendelea mahali ambapo hakuna anayeona. Na hiyo dhamana ya miaka 10 uisome ile sehemu ya herufi ndogo. Dhamana za namna hiyo kwa kawaida ni za bidhaa yenyewe na zinategemea paa liwe limeandaliwa ipasavyo. Mbao zako hazimo.

Kwa upande wa fedha: kubadilisha paa la mpira katika karakana si ajabu kutozwa dola 300 au zaidi kwa kila futi ya urefu wa gari. Kwako ni futi 28, yaani kuanzia dola 8,400, kabla ya kung'oa mbao zilizooza kwenye kile kitanda. Punguzo la dola 1,000 mbele ya hesabu hiyo ni la kukubembeleza. Mwombe muuzaji picha za paa kabla halijapakwa na risiti za kazi. Kisha lipa mkaguzi wa kujitegemea, mwenye cheti cha NRVIA (chama cha wakaguzi wa motahomu huku Marekani) ukimpata, ambaye hamjui muuzaji. Muulize kama anafanya jaribio la shinikizo: gari linajazwa hewa kidogo kwa feni maalumu, maji ya sabuni yanapakwa kwenye maungo yote, na palipo wazi panatoa mapovu. Linaonyesha wapi panavuja leo, na kidole kimeshakuonyesha wapi pameoza.

Na hili nawaambia wote mnaosoma, si ndugu huyu peke yake. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku Marekani wamejaa watu wanaonunua motahomu zinazovuja kwa bei ya chini, wanazipaka nyeupe wikiendi moja, wanazifukizia manukato, wanaziuza kwa ndugu zao wenyewe, mara nyingi kwa maandishi kwamba gari linauzwa kama lilivyo. Ukishatia saini hapo, kumdai mtu baadaye ni vigumu sana. Wapo pia wanaotangaza kukupakia paa kwenye maegesho kwa siku moja. Waulizeni maswali mawili tu kabla ya kuwapa hata senti: silanti ya zamani mtaifanya nini, na mtajuaje kama mbao za chini ni kavu? Ambaye hana jibu asipande juu ya gari lako. Na msitegemee kwamba bima itakuja kufidia, kwa sababu sera nyingi za motahomu hazilipi uharibifu wa maji ulioingia polepole. Mvua ya mawe ikipiga paa lako mwakani, mkadiriaji wa bima akikuta mbao nyeusi chini ya mpira, atataka kujua uozo huo ulianza lini, na wewe utakuwa huna hata picha moja ya kumwonyesha.